Lisbon kwa miguu, mpaka kwenye dhahabu ya Kilwa

Nilikuwa nimeinama mbele ya kasha la kioo, mikono nimeiweka mgongoni maana mlinzi alishanitupia jicho mara ya pili, nafuata herufi zilizozunguka kitako cha chombo cha dhahabu. Herufi za zamani, zimebanana, maneno yamekatwakatwa ili yatoshe, na mimi Kireno sijui. Ila kuna neno moja pale halihitaji ujue Kireno. Limeandikwa kwa tahajia yao ya miaka mia tano iliyopita, lakini ukilitamka polepole linakuja lenyewe mdomoni.

Kilwa.

Maandishi yote kwa pamoja yanasema kwamba mfalme Manuel wa Kwanza wa Ureno aliagiza chombo hiki kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kikamalizika mwaka 1506. Wameandika wenyewe, juu ya dhahabu yenyewe. Hawakuficha kitu.

Ni wiki kadhaa sasa nimesharudi, nimeendelea na kazi, na lile neno halijaniacha. Nikiosha vyombo lipo, nikiwa kwenye foleni lipo. Kwa hiyo naandika.

Kuteremka mtoni

Nilikuwa Lisbon kikazi, Jumamosi ikabaki wazi yote, nikaamua sipandi tram wala metro, natembea. Picha za Lisbon wengi mmeshaziona, tram za njano na nguo zilizoanikwa juu ya vichochoro vya Alfama, sitawachosha. Niseme tu kwamba ilikuwa Novemba, mvua ilinyesha usiku, na vile vijiwe vyeupe walivyopanga kwa mkono kwenye njia zote za miguu vikilowa vinateleza vibaya, kwa hiyo nusu ya mji niliuona nikiwa naangalia chini. Na kila kona kuna mtu anachoma castanhas, zile njugu kubwa za msimu wa baridi, moshi mweupe unakufuata mtaa mzima.

Nilianzia Largo de São Domingos, kiuwanja kidogo karibu na Rossio. Asubuhi pale wanakaa akina mama na wazee wa Guinea-Bissau, wengine wanauza karanga na kola, wanaongea Krioli kwa sauti ya watu walio kwao. Nikasalimia, nikaitikiwa vizuri, nikanunua karanga. Hapohapo pembeni kuna jiwe la kumbukumbu lenye nyota ya Daudi. Aprili 1506 kundi la watu lilianzia kwenye kanisa lile la São Domingos likaua Wayahudi waliokuwa wamelazimishwa kubatizwa, na mauaji yakaendelea mjini kwa siku kadhaa.

1506. Ushikilie huo mwaka.

Kutoka pale unashuka Rua Augusta iliyonyooka mpaka unatokea kwenye uwanja mkubwa kabisa, Terreiro do Paço, na mwisho wa uwanja ni maji. Kuna ngazi za mawe zinaingia mtoni, nguzo mbili zimesimama kushoto na kulia, wanapaita Cais das Colunas. Mto Tejo hapo ni mpana hivi kwamba ukiambiwa ni bahari utakubali, na kweli bahari inaingia, maji yanajaa na kupwa, ngazi za chini zina majani ya kijani yanayoteleza.

Manuel alishuka kutoka kwenye ngome ya kilimani akajenga kasri hapa kandokando ya maji, na ofisi ya biashara ya Bahari ya Hindi, Casa da Índia, ikawa hapahapa. Pilipili manga, mdalasini, pembe, dhahabu, vyote vilikuja kuhesabiwa pale. Kasri lenyewe halipo tena. Tarehe 1 Novemba 1755 asubuhi, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wamejaa makanisani, ardhi ikatetemeka, halafu maji yakapanda yakaingia mjini, halafu moto ukawaka kwa siku. Mji ulioteketea ulijengwa upya kwa amri ya waziri Pombal, ndo maana mitaa ya chini imenyooka vile wakati ya kilimani imepindapinda.

Nikakaa kwenye ngazi ya juu nikala karanga zangu huku napiga hesabu ya njia. Kutoka hapa unashuka na mto, unaingia bahari kuu, unaizunguka Afrika nzima mpaka unatokea upande wa pili: Sofala, Msumbiji, Kilwa, Mombasa, Malindi. Miezi mingi. Na watu walikuwa tayari kuifanya safari hiyo na kufa njiani, kwa ajili ya vitu ambavyo sisi tulikuwa tunanunuliana na Wahindi na Waarabu msimu kwa msimu, pepo zikigeuka.

Mtaa wenye jina la shimo

Makumbusho niliyokuwa nayataka yapo magharibi, Rua das Janelas Verdes. Ningeweza kufuata mto moja kwa moja ila nilipita juu kidogo makusudi, kwa sababu nilikuwa nimesoma kuhusu mtaa unaoitwa Rua do Poço dos Negros, yaani Mtaa wa Shimo la Watu Weusi, na nilitaka kuuona.

Ni mtaa wa kawaida kabisa. Mikahawa midogo, duka la nguo za mtumba, kijana anashusha kreti za soda.

Tarehe 13 Novemba 1515 Manuel aliuandikia uongozi wa mji barua. Watumwa wakifa walikuwa wanatupwa hovyo pembeni ya mji, mbwa wanawala, kwa hiyo akaagiza lichimbwe shimo refu, maiti zitupwe humo, na chokaa imwagwe juu yake mara kwa mara. Jina la mtaa linahusishwa na shimo hilo. Kufikia katikati ya karne ile, karibu mtu mmoja kati ya kila kumi Lisbon alikuwa mtumwa, wengi wao kutoka Afrika. Na ukivuka kidogo kutoka pale unaingia Madragoa, ambako zamani paliitwa Mocambo, mtaa wa Waafrika, watumwa na walioachwa huru, wavuvi, wachuuzi wa maji.

Nilisimama nikatafuta kibao chochote cha kueleza, nikaona jina la mtaa tu, kwenye ukuta, kwa herufi nzuri. Mama mmoja akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, naangalia tu. Akatabasamu akapita.

Ambacho kilinikaa kichwani ni kwamba wasiwasi wa ile barua ni harufu na magonjwa. Basi.

Chombo chenyewe

Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale yapo kwenye jumba la zamani juu ya bandari. Kuna mengi, na mtu anayependa michoro anaweza kumaliza siku nzima humo. Nilisimama muda kwenye pazia za kukunjwa zilizochorwa Japani, zinaonyesha Wareno wanashuka melini, suruali zao za kuvimba, pua ndefu, na nyuma yao watu weusi wamewashikia miavuli. Nikawatazama wale wa miavuli kuliko wengine wote. Hawana majina popote.

Halafu nikaingia kwenye chumba chenye kile kitu.

Kinaitwa Custódia de Belém. Wakatoliki wa kwetu wanakiita monstransi, chombo cha kuwekea Ekaristi ili waumini waione na kuiabudu. Urefu wake sentimita 73. Dhahabu na enameli. Kitakoni kuna ndege na maua ya rangi, kwenye shina kuna matufe ya pete, nembo ya Manuel mwenyewe, yaani ulimwengu wote umewekwa chini ya mkono wake. Juu Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuzunguka mahali pa Ekaristi, kila mmoja na uso wake, kila mmoja na ndevu zake, halafu njiwa, halafu juu kabisa Mungu Baba ndani ya minara myembamba kama ya kanisa zima. Anayetajwa kuwa fundi ni Gil Vicente, na wapo wanaosema ni huyohuyo aliyeandika tamthilia za mwanzo za Wareno.

Ni kizuri.

Nilitaka kisiwe kizuri, ningepata nafuu. Lakini nilisimama pale na macho yanakwenda yenyewe kwenye vidole vya Mitume, vidogo kuliko punje ya mchele, vimekunjwa kwa sala, na nikawa najua kwamba sijawahi kuona kazi ya mkono namna ile.

Sasa ilifikaje. Julai 1502 Vasco da Gama alikuja safari yake ya pili, safari hii na kundi kubwa la meli na mizinga. Alitia nanga Kilwa, akamtisha Amiri Ibrahim kwamba asipokubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi kila mwaka, mji utaharibiwa. Kiasi kinachotajwa ni mithkali 1,500 za dhahabu, kama kilo sita na kitu kwa mizani ya leo. Ibrahim akakubali, angefanya nini. Safari ileile, karibu na pwani ya India, da Gama aliichoma meli ya mahujaji waliokuwa wanarudi kutoka Maka, na watoto wakiwemo ndani. Mwaka 1503 akarudi Lisbon na dhahabu ya Kilwa, na mfalme akaitoa itengenezewe chombo cha Mungu.

Halafu ona miaka. Kabla fundi hajamaliza, Julai 1505, Francisco de Almeida alifika Kilwa na meli zake, akaushambulia mji, ukaporwa, akajenga ngome pale ufukweni. Mjerumani mmoja aliyekuwa kwenye msafara ule aliacha maelezo: nyumba za mawe za ghorofa, bustani za machungwa na ndimu, pamba. Mwezi uliofuata wakaichoma Mombasa. Ngome ya Kilwa wenyewe waliiacha mwaka 1512. Miaka saba tu, na mji haukurudi tena kuwa ulivyokuwa.

Yaani vidole vile vya Mitume vilikuwa vinachongwa wakati Kilwa inaporwa.

Nikiwa bado nimesimama, akaja bibi mmoja mzee na fimbo, kasimama upande wa pili wa kioo, akafanya ishara ya msalaba, midomo inacheza. Anasali. Nikarudi nyuma hatua moja kumpisha.

Yetu, ya akina nani

Makumbusho yana bustani nyuma, unaona mto na winchi za bandari na makontena. Nikakaa kwenye benchi na hasira. Nilishatoa simu niandike "rudisheni dhahabu yetu", kwa herufi kubwa, na nilimaanisha.

Vidole vikakwama kwenye "yetu".

Upande wa mama yangu ni watu wa Kilwa, na tangu utoto nimevushwa kwenda Kilwa Kisiwani kila likizo, magofu yale nayajua kwa miguu. Msikiti Mkuu na kuba zake, Husuni Kubwa juu ya mwamba na lile bwawa la kuogea lenye pembe nane. Ila Kilwa haina machimbo ya dhahabu. Haijawahi kuwa nayo. Dhahabu ilitoka nyanda za juu kusini ya Zambezi, nchi ya mababu wa Washona, watu waliingia mashimoni na wengine wakaichuja kwenye mito, ikabebwa mpaka pwani ya Sofala, na Kilwa ilikuwa imeishika Sofala. Pale Great Zimbabwe imeokotwa sarafu ya shaba ya Sultani al-Hassan bin Suleiman wa Kilwa, aliyejenga Husuni Kubwa. Biashara ilikwenda mbali kiasi hicho. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuinama juu ya dhahabu ile alikuwa mbali sana na msikiti wetu, na jina lake halipo kwenye kitako cha chombo wala kwenye sarafu ya Sultani.

Nikawaza zaidi na ikawa ngumu zaidi. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akasema ni mji mzuri sana na Sultani wake mkarimu, tunapenda kulinukuu hilo. Lakini ukurasa uleule anasema Sultani alikuwa akivamia watu wa bara mara kwa mara na kuchukua mateka na mali. Na mwaka 1776, muda mrefu baada ya Wareno, Sultani wa Kilwa aliwekeana mkataba na Mfaransa Morice wa kumuuzia watumwa elfu moja kila mwaka. Elfu moja. Nimetoka muda si mrefu kwenye mtaa wa shimo la chokaa na machozi yangu, na sasa nimekaa hapa najiuliza ni nani alikuwa ameshika upande wa pili wa kamba.

Nisieleweke vibaya. Hili halimpunguzii da Gama hata chembe. Kuchukua kwa mzinga ni kuchukua kwa mzinga, na aliyechukua kwa mzinga hawezi kujificha nyuma ya madhambi ya aliyemchukulia. Lakini mimi nikisema "yetu" lazima nijue nawataja akina nani, na akina nani nawaacha nje kama vile mwandishi wa kitako kile alivyowaacha.

Na yule bibi je? Kile chombo kwake si dhahabu ya mtu yeyote. Nimelifikiria sana hili. Sina jibu lake mpaka leo, na simuonei hasira.

Nikafuta nilichoandika, nikaanza kutembea kwenda Belém.

Chini ya daraja

Kutoka Janelas Verdes mpaka Belém ni mwendo wa saa moja hivi ukifuata mto, na watalii wengi wanapanda tram kwa sababu njia haina mvuto, reli na maghala na maegesho ya magari. Mimi nilihitaji mwendo.

Ukifika Alcântara unapita chini ya daraja jekundu, mita 2,277 kutoka ukingo mpaka ukingo, na kabla hujaliangalia unalisikia. Sehemu ya barabara yake juu ni vyuma vyenye matundu, magari yakipita yanatoa mlio mmoja usiokatika, unausikia kifuani. Lilifunguliwa mwaka 1966 kwa jina la Salazar, yule dikteta. Leo linaitwa 25 de Abril, kwa sababu tarehe hiyo mwaka 1974 wanajeshi wao wenyewe waliipindua serikali, wakiwa wamechoka na vita visivyokwisha vya Angola, Guinea na Msumbiji.

Nikasimama chini ya ule mlio.

Vita vya Msumbiji viliendeshwa kutoka wapi? FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Mondlane, kiongozi wake, aliuawa kwa bomu Dar mwaka 1969. Wapiganaji walifundishwa Kongwa, walifundishwa Nachingwea. Na Nachingwea ipo mkoa gani? Lindi. Mkoa mmoja na Kilwa!

Sijawahi kuviweka hivi vitu viwili pamoja maishani mwangu, na nimesoma historia mpaka kidato cha sita. Kule darasani Vasco da Gama ni mada moja, harakati za ukombozi ni mada nyingine, mtihani unakuja na unaondoka. Lakini pale chini ya daraja ilikuwa mstari mmoja. Nchi iliyolipishwa kodi kwa mizinga mwaka 1502, kilomita mia na kitu kutoka hapohapo, watu wake waliwapa hifadhi na mihogo na mashamba vijana waliokuja kuichosha dola ileile mpaka askari wake wakaigeukia. Sisemi Nachingwea peke yake ilifanya 25 Aprili, Wareno walikuwa na sababu zao na walitoa damu na vifungo vyao, na Guinea na Angola walipigana. Ila mkono wetu umo. Jina la daraja lile limetokana na vita ambavyo mlango wake mmoja ulikuwa kusini kwetu.

Hasira ya asubuhi ilipungua pale, ikaja hali nyingine, ya mtu anayetembea kwenye mji unaomhusu. Nilianza kuangalia watu usoni.

Makaburi

Belém sitakaa sana. Foleni ni ndefu, basi za watalii, vikeki vya mayai kwenye duka la tangu 1837 ni vitamu kweli, nilikula viwili nikiwa nimesimama.

Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500 kwa fedha za ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki, na mawe yake yamechongwa kamba za meli na mimea ya baharini mpaka unasahau ni mawe. Manuel amezikwa mbele, jeneza lake la mawe limebebwa na tembo wa marumaru. Da Gama yupo karibu na mlango, amelala na mikono imekutanishwa kifuani, mkabala na mshairi Camões. Alifia Cochin India mwaka 1524, akaja kuhamishwahamishwa, na ndani ya kanisa hili ameletwa mwaka 1880. Kile chombo cha dhahabu Manuel alikirithisha kwa monasteri hii kwenye wosia wake, kikakaa hapa mpaka mwaka 1834 mashirika ya watawa yalipofutwa Ureno, kikapelekwa kwenye kiwanda cha sarafu, na kingeyeyushwa kama Fernando wa Pili, mume wa malkia, asingekinusuru. Maana yake da Gama aliletwa wakati dhahabu imeshaondoka. Hawakuwahi kulala chini ya paa moja, na sijui kwa nini hilo lilinipa ahueni, ila lilinipa.

Msichana mmoja aliweka mkono juu ya mkono wa mawe wa da Gama, rafiki yake akampiga picha. Mimi nilisimama pembeni ya kaburi nikasoma Fatiha. Niliwasomea mahujaji wa ile meli.

Nje, mbele ya mnara mkubwa wa wasafiri wa Kireno, chini pamelazwa ramani ya dunia ya mawe ya rangi, zawadi ya serikali ya makaburu wa Afrika Kusini mwaka 1960. Watoto wanarukaruka kutoka bara hadi bara. Nikaitafuta pwani yetu, nikasimama juu yake, viatu vyangu vikaifunika yote kuanzia Lamu mpaka Sofala.

Mjomba

Usiku nilimtumia mjomba wangu aliyeko Kilwa Masoko picha na voice note ndefu. Yeye ni mtu mzima, utoto wake kakulia Nachingwea kwa sababu baba yake alikuwa na kazi huko, na watalii wakija leo ndo anayewavusha na kuwatembeza Kisiwani.

Akajibu asubuhi. "Shikamoo" yangu akaiitikia, akaniuliza hali, ndo akaingia kwenye mada. "Mjomba, mimi hii habari naijua. Nawaambia wageni kila siku, dhahabu yetu ilikwenda Ureno. Ila sijawahi kukiona. Kina ukubwa gani?" Nikamwambia sentimita 73, kama mtoto wa mwaka mmoja akisimama. Akakaa kimya kidogo kwenye rekodi, nasikia jogoo nyuma. Halafu akasema, "Kidogo hivyo."

Nikamweleza na habari ya daraja. Hapo ndo alizungumza. Akaniambia wao watoto wa Nachingwea walikuwa wanazijua nyimbo za wale vijana wa Msumbiji, wanazisikia jioni, walizikariri bila kujua maneno yana maana gani, na kwamba siku Ureno ilipopinduliwa watu wazima walisikiliza redio mpaka betri zikaisha. Akaimba moja, nusu. Sauti yake ni nzito na hakufika mwisho.

Swali lake la mwisho ndo lililonifanya niandike haya yote. "Sasa watoto wa shule hapa Kisiwani watakionaje?"

Mimi nilikuwa nimejiandaa kubishana kuhusu kurudishwa. Yeye hakuligusa kabisa. Nilipomuuliza akasema, "Hilo waongee wakubwa, na waongee na watu wa Zimbabwe na Msumbiji wakiwepo. Mimi nauliza mtoto." Na mimi naona kuna haki kubwa kwenye swali hilo. Mtoto wa Kisiwani anacheza mpira pembeni ya Gereza, ile ngome ya zamani, anaambiwa hapa palikuwa na dola kubwa, na anachokiona ni kuta zilizoanguka. Kazi nzuri kuliko zote iliyotokana na utajiri wa pale anaiona mtoto wa Lisbon akipelekwa na mwalimu wake, Jumanne, kwa basi. Hili la pili mimi siwezi kulizoea.

Kwa hiyo tumekubaliana kuanza na picha. Picha kubwa, ya bango, upande mmoja chombo kizima na upande mwingine kitako chenye jina la Kilwa, na maelezo kwa Kiswahili. Mwalimu mmoja pale ameshasema ukuta upo.

Maelezo ndo yametupa shida. Nilimwandikia rasimu ya kwanza, inaanzia 1502 na meli za da Gama. Akairudisha. "Usianze na Mreno. Anza na aliyeichimba." Nikaandika ya pili, inaanzia nyanda za juu, mashimo, mito, Sofala, halafu Kilwa, halafu ndo meli. Akauliza kwa nini nimeiacha ile habari ya Sultani kuvamia watu wa bara. Nikamwambia ni watoto, mjomba. Akasema baadhi ya watoto hao babu zao ndo waliovamiwa, nitawaambia nini? Nikaiingiza, mistari miwili. Daraja pia lipo, na Nachingwea. Imekuwa ndefu, anasema herufi zisipungue ukubwa hata hivyo, mtoto wa nyuma asome.

Rasimu ya nne iko kwake sasa. Pale Masoko hawachapishi bango la ukubwa huo, nitachapisha Dar na kulishusha kwa basi la Lindi mtu wangu akilipokea. Kinachonikwamisha ni picha ya kitako, yangu ina mng'ao wa kioo na herufi nne hazisomeki. Kama unaishi Lisbon, au unapita, nenda Janelas Verdes, ingia kwenye chumba kile, inama upande wa kulia ambako taa haikuangukii, piga maandishi yote kuzunguka kipande kwa kipande, na unitumie.